Kizigua dukani Lewiston: mji mdogo hubadilikaje sura?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtu wa Handeni, naishi Dar es Salaam. Kaka yangu anaendesha lori huko Marekani. Juzi alipita mji mdogo uitwao Lewiston, jimbo la Maine, akaingia duka moja kununua sambusa. Nyuma yake alikuwapo mama aliyejitanda kama Wasomali, akawa anamkemea mwanawe kwa Kizigua, kilekile cha bibi yetu! Kaka alishindwa hata kujitambulisha. Baadaye mzee mmoja wa Kizungu kwenye kituo cha mafuta akamwambia kuwa mji ule zamani ulikuwa wa Wazungu watupu, ila sasa "umechukuliwa". Mwalimu, inawezekanaje mji ugeuke rangi ndani ya miaka ishirini? Na Wazigua wamefikaje huko kwenye theluji?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kaka yako hakusikia vibaya. Yule ni Mzigua kweli, au Mzigula kama wengi wao wanavyotamka, na safari ya ukoo wake kutoka kwenu hadi Maine imekula zaidi ya karne moja na nusu. Nitafika huko. Kwanza tushughulike na hilo neno la mzee wa kituo cha mafuta, maana ndilo linaloharibu hesabu.

Mtu akiniambia mji umebadilika rangi, mimi siulizi kwanza nani kaingia. Nauliza nani alitoka, na alitoka lini. Sensa ya mwaka 1970 ilikuta watu 41,779 Lewiston. Mwaka 1990 walikuwa 39,757. Mwaka 2000 wakabaki 35,690. Hebu toa mwenyewe: katika ile miaka kumi ya mwisho peke yake mji ulipoteza watu 4,067. Familia za kwanza za Kisomali zilihamia Februari 2001. Kwa hiyo watu walikuwa wameshaondoka kabla huyo anayesemwa kuwa amewafukuza hajapanda basi.

Nani aliwafukuza basi? Viwanda. Lewiston ni mji wa nguo, umekaa kando ya mto Androscoggin, na maporomoko ya mto huo ndiyo yaliyokuwa yakizungusha mitambo. Kiwanda kikubwa kuliko vyote, Bates, kilianzishwa mwaka 1850. Nguo zilipoanza kufumwa kwa bei nafuu majimbo ya kusini, kisha ng'ambo, viwanda vikafa kimoja baada ya kingine. Bates yenyewe ilikata roho mwaka 2001, mwaka uleule Wasomali walipoanza kuingia. Vijana wa Lewiston walishatangulia kwenda kutafuta maisha kwingine, wakawaacha wazee wao na nyumba za mbao za ghorofa tatu, nne, zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani. Nyingi zilikuwa tupu. Ukiwa na mji wenye vyumba vitupu, kodi ya chini na shule zenye nafasi, jua kwamba mtu atauona. Ni suala la nani atauona kwanza.

Waliouona kwanza walikuwa Wasomali waliokuwa wamepelekwa kwingineko na mashirika ya wakimbizi, wengi wao Clarkston, karibu na Atlanta. Hawakupapenda. Wafugaji wa Kisomali wana neno, sahan, la kumtuma mtu atangulie kuangalia malisho na maji kabla ya kuhamisha kambi. Basi hawa walifanya sahan ya mjini: wapi kuna usalama, wapi kodi inalipika, wapi watoto watasoma bila kuingizwa kwenye magenge. Maine ikapata alama. Walianzia Portland, mji mkubwa wa jimbo, lakini huko nyumba za kupanga hazikupatikana tena, ndipo wakasogea Lewiston, kama kilomita 55 kaskazini. Serikali haikupanga kuwaleta huko. Walikuja wenyewe kwa simu za ndugu kwa ndugu, na hiyo ndiyo njia miji midogo mingi inavyobadilika. Mmoja akipata chumba, wa pili anajua pa kufikia, wa kumi anakuta tayari kuna msikiti.

Sasa nimtetee kidogo yule mzee, maana kuna kitu alikiona kwa macho yake. Hadi Oktoba 2002 Wasomali waliokwishafika walikuwa kama 1,100. Ni wachache, utasema. Lakini ni asilimia tatu ya mji, na waliingia ndani ya miezi ishirini. Kwa kipimo hicho, Dar es Salaam ya sensa ya 2022 ingepokea zaidi ya watu 160,000 kwa muda kama huo, wote wa taifa moja, wa dini moja, wa rangi ambayo haikuwahi kuonekana mtaani, na wengi wakishukia kata chache za katikati ya mji. Hata wewe ungegeuka kuangalia.

Meya wa wakati huo, Laurier Raymond, akaandika barua ya wazi kwa Wasomali akiwaomba wapunguze kasi ya kuja, akasema mji umefika kikomo kifedha, kimwili na kihisia. Hoja ya fedha haikuwa ya kubuni kabisa. Mji uliokuwa ukipoteza walipa kodi ulitakiwa ghafla uajiri walimu wa Kiingereza kwa wageni na utoe msaada wa dharura kwa familia zisizo na kipato. Kosa lake, kwa maoni yangu, lilikuwa anwani. Aliiandikia jamii nzima kana kwamba ni kaya moja yenye mzee mmoja anayeshika ufunguo wa lango. Wazee wa Kisomali wakamjibu kwa barua yao, wakali lakini kwa adabu, kwamba wako nchini kihalali na wana haki ya kuishi wanapotaka. Barua ya meya ikasambaa dunia nzima. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi kutoka nje ya jimbo kikaja kufanya mkutano. Walihudhuria kama 30. Upande wa pili wa mji, kwenye Chuo cha Bates, walikusanyika zaidi ya 4,000 kuwapinga. Miaka mitatu baadaye mtu mmoja alitupa kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti watu wakiwa wanasali. Yote mawili ni Lewiston, usichague moja ukaacha lingine.

Tuje kwenye asilimia. Mwaka 2000 Wazungu walikuwa karibu asilimia 96 ya mji, na Weusi kama asilimia moja. Mwaka 2010 Wazungu walikuwa karibu asilimia 87 na Weusi karibu 9. Kwa vichwa, Weusi walitoka chini ya 400 wakafika zaidi ya 3,000. Kwa mji mdogo ni kasi kubwa mno, wala sitaidogosha. Lakini bado, katika kila watu kumi, karibu tisa walikuwa Wazungu. Ilikuwaje basi watu wakasema "umechukuliwa"?

Jibu liko kwenye umri, na hapa ndipo wengi huteleza. Chukua mfano wangu wa kubuni: mji wa watu 1,000, wenyeji 900 na wageni 100. Wenyeji ni wazee wengi, kwa hiyo ni mmoja tu kati ya tisa aliye wa umri wa shule. Hao ni watoto 100. Wageni ni familia changa zenye watoto wengi, nusu yao wanasoma. Hao ni watoto 50. Mtaani mgeni ni mmoja kati ya kumi. Darasani ni mmoja kati ya watatu! Mwalimu na mstaafu wanaishi mji mmoja, lakini kila mmoja atakuapia kwa idadi tofauti na hakuna anayedanganya. Maine ni miongoni mwa majimbo yenye watu wazee zaidi Marekani, kwa hiyo pengo hilo huko ni pana kuliko kawaida. Ongeza na hili: wastaafu wako ndani, baridi imekaza, na wageni wako nje kwa sababu hawana magari, wanatembea kwa miguu kwenye barabara ya Lisbon Street wakisukuma vigari vya watoto. Anayeonekana huhesabiwa mara mbili.

Na hao "wenyeji", ni kina nani? Swali hili nalipenda, na nikikutana na yule mzee ningemuuliza jina la babu yake. Uwezekano ni mkubwa kwamba ni jina la Kifaransa. Mifereji ya Lewiston ilichimbwa na Waairishi. Kisha, reli ilipounganisha mji na Kanada miaka ya 1870, wakulima maskini wa Quebec walishuka kituoni kwa maelfu wakaingia viwandani, wakajaza mtaa wa kando ya mto ulioitwa Little Canada. Walikuwa Wakatoliki katika jimbo la Waprotestanti, wana watoto wengi, wana gazeti lao, *Le Messager*, wana shule na mapadri wao, na kanisa lao kubwa la Petro na Paulo bado ndilo linaloonekana kwanza ukiukaribia mji. Wakaitwa kila jina. Mwaka 1919 jimbo likapitisha sheria ya kuzuia kufundisha kwa Kifaransa kwenye shule za serikali, na miaka ya 1920 Ku Klux Klan ya Maine, kundi la Wazungu wabaguzi, ilikuwa na shabaha yake kuu: hao Wakatoliki wa Kifaransa. Mbari yao ni Wazungu, ndiyo, lakini kuna wakati Uzungu wao ulikuwa wa daraja la pili. Leo kwenye kisanduku cha sensa wamo pamoja na wajukuu wa waliowatukana, wala huwezi kuwatenganisha.



Visanduku hivyo hivyo ndivyo vinavyomficha mama yako wa Kizigua. Sensa ya Marekani inamweka kwenye "Mweusi", pamoja na jirani yake Msomali, pamoja na Mkongo wa ghorofa ya juu, pamoja na Mmarekani Mweusi ambaye mababu zake wako nchini humo kwa karne tatu. Ukisoma takwimu utadhani ni jamii moja imeingia. Ukikaa nao wiki moja utakuta mipaka ambayo karani wa sensa hajawahi kuisikia.

Kwa sababu, mwanangu, hawa Wazigua walichukuliwa. Miaka ya 1830 na kuendelea, kwa njaa na kwa hila za wafanyabiashara, watu wa nchi yenu walipakiwa majahazini wakapelekwa pwani ya Banadiri, Barawa na Marka na Mogadishu, kulima mashamba ya wengine kwenye bonde la mto Shebelle. Pamoja nao walikuwamo Wayao, Wamakua, Wangindo, Wazaramo. Wazigua walitoroka kwa makundi kuelekea kusini, wakifuata jua la kurudi nyumbani. Simulizi zao humtaja Wanankhucha, mwanamke mwenye maono, kuwa ndiye aliyewaongoza. Hawakufika Handeni. Waliishia msitu wa bonde la Juba, wakafyeka, wakalima, wakaitwa Wagosha, watu wa msituni. Wasomali waliwaita Mushunguli, na hapo ukisikiliza vizuri utalisikia jina lenu: Mzigula. Wengi wa wenzao kutoka makabila mengine walisahau lugha wakawa wanasema Kimaay, lugha ya kusini mwa Somalia. Wazigua wakaishika yao. Ndiyo maana kaka yako, akiomba maji ya kunywa pale dukani, angesema *mazi* na angeletewa.

Nchini Somalia watu hao waliitwa jareer, "nywele ngumu", na kila mtu alijua maana yake ni wajukuu wa watumwa. Vita vilipoanza mwaka 1991 hawakuwa na ukoo wenye bunduki wa kuwalinda, wakaporwa na kila aliyepita. Wakakimbilia kambi za Dadaab, Kenya, na hata kambini wakakaa pembezoni mwa uzio. Hapo ndipo mashirika ya misaada yalipowapa jina jipya: Wabantu wa Somalia. Angalia hilo. Kabila zima limezaliwa kwenye fomu. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kupokea kama 12,000 wao. Mwaka 2002 wakahamishiwa Kakuma, kambi nyingine ya Kenya, kuhojiwa, na kuanzia 2003 wakasambazwa kwenye miji mingi ya Marekani. Wakapigiana simu. Kufikia katikati ya miaka ile ya 2000 walianza kukusanyika Lewiston, na nani aliwatangulia kukaa pale? Wasomali wenyewe. Watu waliokuwa tabaka mbili kando ya Juba sasa wanapanga jengo moja, na mwalimu wa darasa la tatu anawaketisha watoto wao dawati moja akifurahi kwamba wana lugha moja, kumbe mmoja anasema Kisomali cha kawaida na mwenzake Kimaay, au Kizigua.

Kuna mwanaanthropolojia wa Chuo cha Colby, hukohuko Maine, Catherine Besteman. Mwaka 1987 na 1988 aliishi katika kijiji kimoja cha bonde la Juba, kisha vita vikafunga njia asijue nani mzima, nani amekufa. Mwaka 2006 akawakuta Lewiston, mwendo mfupi wa gari kutoka chuoni kwake. Nikiwafundisha wanafunzi habari za uhamiaji huanza na kisa hicho, kwa sababu kinavunja ile picha ya wimbi lisilo na sura. Kilichohamia Lewiston ni vijiji vyenye majina, na shangazi zao, na ugomvi wao wa zamani.

Wamefika na majembe pia. Chama chao kina mashamba yanayoitwa Liberation Farms, katika mji jirani wa Wales, ambako akina mama wanalima mahindi magumu ya kusaga unga, kwa vikundi wanavyoviita iskashito, kila familia na matuta yake. Msimu wa kulima Maine ni mfupi kama usingizi wa mchana, lakini mahindi yanakomaa.

Wakongo walifuata, pamoja na Waangola, Warundi na Wanyarwanda. Kiangazi cha 2019 zaidi ya waomba hifadhi 400, wengi wa Kongo na Angola, waliovuka bara zima la Amerika kwa miguu na mabasi, walifika Portland kwa mkupuo mmoja hadi wakalazwa kwenye ukumbi wa michezo, kisha wakatawanyika miji ya jirani. Na hapo Lewiston ikafanya kitu ambacho hakuna mtaalamu angekitabiri. Wazee wa Kifaransa wa Kanada, walioadhibiwa shuleni kwa kusema lugha ya mama zao, wakapata ghafla vijana wa Kiafrika wa kuzungumza nao Kifaransa. Wanakaa meza moja na kucheka lafudhi za wao kwa wao.

Kiswahili nacho kipo, kwa sababu waliokulia kambi za Kenya na waliotoka Kivu wanakutania hapo. Timu ya mpira ya shule ya sekondari ya Lewiston, wengi wao wakimbizi na mzungu mmojammoja, ilitwaa ubingwa wa jimbo mwaka 2015 bila kufungwa mechi hata moja, na ukelele wao kabla ya mchezo ulikuwa "Pamoja ndugu". Kocha wao, Mike McGraw, alikuwa amefundisha pale tangu miaka ya 1980, viwanda vikiwa bado vinapiga honi. Mwaka 2019 Safiya Khalid alichaguliwa kuwa diwani, Msomali wa kwanza katika baraza la mji, na mwaka 2022 Mana Abdi akaenda bunge la jimbo.

Wapo wanaosikia hayo wakakimbilia ncha ya pili: wageni wameufufua mji, mgeni njoo mwenyeji apone. Nako tusizidishe. Sensa ya 2020 ilikuta watu 37,121. Ndani ya miaka ishirini mji uliongezeka watu 1,431 tu, na bado uko chini sana ya ule wa 1970. Maana yake wageni waliziba shimo la waliokuwa wakiendelea kuondoka na kufa, kisha wakaongeza kidogo juu yake. Bila wao, shule zingefungwa na maduka ya Lisbon Street yangebaki na mbao madirishani. Hilo ni jambo kubwa. Ila umaskini wa katikati ya mji ulikuwapo kabla yao na haukuondoka walipofika.

Mwisho, kama unataka kuwasikia wenyewe, huna haja ya nauli ya Maine. Baadhi ya watu wale wale, waliokimbia Somalia kwa bahari, walishukia Tanzania, wakawekwa kwanza kambi ya Mkuyu, kisha makazi ya Chogo. Yote yako kwenu Handeni. Walifika wakisema Kizigua cha babu wa babu zao, wakaonyeshana na wazee wa vijiji majina ya koo, na koo zikaonana. Serikali ikawapa wengi wao uraia. Nao wamebadilisha sura ya jamii ndogo, kwenu hapo hapo, ila hutaiona kwenye takwimu yoyote, kwa sababu sensa yetu iliacha kuuliza kabila baada ya mwaka 1967. Kando ya Juba waliitwa jareer, Lewiston wanawekewa alama kwenye "Mweusi", Chogo karani aliandika Mtanzania akapita nyumba inayofuata. Muulize bibi yako kama ukoo wenu una watu waliopotelea baharini. Ukipata jina, mpe kaka yako alirudishe kwenye lile duka la sambusa.